Mama Mkwe Kanililia Msiba, Nami Nimo Majini

Walimu wenzangu, msishangae namba ngeni. Ni mimi, Deo. Naandika kwa simu ya shemeji yangu Edina, huku Mombasa. Simu yangu niliiweka ndani ya kiatu cha kushoto, na kiatu cha kushoto kwa hesabu zangu sasa hivi kinakaribia Unguja.

Leo sina uso. Sijui nimeuacha wapi. Nimebaki na kichwa tu, cha kuvalia kofia.

Naona bora nijitangaze mwenyewe kabla hamjaletewa video. (Walikuwa wanarekodi. Wengi tu. Kuna mama mmoja alimpa mwenzake mtoto ili ashike simu kwa mikono miwili.)

Mnajua nilivyoondoka hapo Mbuba nikiwa natembea kwa mabega. Edina, mdogo wake mke wangu, kaolewa huku na Kazungu, mtu wa hapahapa pwani, na mwezi uliopita kajifungua. Mama mkwe akataka kumwona mjukuu. Hajawahi kuvuka Kahama. Mke wangu ni mjamzito wa miezi minane, hasafiri. Ukoo ukakaa Murukulazo kwa mama mkwe, ukasema: "Baba Neema ni mwalimu wa jiografia. Atampeleka." Nikavimba kichwa. Jiografia hatimaye inanipa heshima!

Lakini safari yenyewe ilikuwa na jambo ndani yake. Mama mkwe ana ng'ombe wake anaitwa Bihogo, mwenye pembe zile ndefu, na Bihogo kazaa ndama jike. Mama mkwe hana mtoto wa kiume. Ana wakwe wawili: mimi, na Tito wa Biharamulo mwenye mashine ya kusaga. (Kazungu bado mgeni, hajaingia mashindanoni.) Mwaka huu katuambia wazi: "Ndama huyu nitampa yule nitakayeona ni mwanangu." Tangu siku hiyo Tito hatulii. Mara sukari, mara mafuta ya kula, mara taa ya sola. Mimi nilikuwa na nini cha kupeleka? Chaki? Safari hii ndiyo ilikuwa karata yangu ya pekee. Nimfikishe mama wa watu salama, nimrudishe salama, ndama awe wangu.

Sasa, kwa ninyi mliohamia juzi kwa ajira mpya na hamjaoa kwetu: sisi mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hampeani mkono. Hamkai benchi moja. Hamli mkitazamana. Ukiongea naye unatazama pembeni, ukuta, kuku, chochote kilichopo. Ndivyo tulivyolelewa na wala hatulalamiki. Ila aliyetunga utaratibu huo hakuwahi kupanda basi siku mbili.

Mimi nilikaa kiti cha mbele, yeye kiti cha nyuma kabisa. Akitaka kunipa mahindi ya kuchemsha, yanapita mikononi mwa abiria wote. "Mpeni yule mwenye suti." Hindi linatoka nyuma zima, linanifikia bunzi. Nashukuru kwa sauti huku natazama barabara.

Mpakani ndipo nilipoanza kupoteza alama. Afisa akaniuliza, "Huyu mama ni nani wako?"

Nikajibu nikitazama kalenda ukutani. "Mama mkwe."

"Mbona humwangalii?"

"Ni heshima, afande."

Akamgeukia mwenyewe. "Mama, huyu unamjua?"

Mama mkwe, macho kwenye feni: "Namsikia tu."

Tuliwekwa pembeni saa nzima! Tulipoachiwa, mama mkwe akamtuma konda kwangu: "Mwambie alete pasi yake. Karatasi zote nitatunza mimi." Akazifunga pamoja kwenye pindo la kitenge chake. Nilikereka. (Leo nimemshukuru Mungu kwa pindo lile.)

Tukafika jana jioni. Na sasa ndiyo naingia leo, nishikeni mkono.

Asubuhi mabomba ya mtaa wa Edina yalikuwa makavu. Nyumba nzima ilikuwa na dumu moja la maji. Edina akaniambia, "Shemeji, nenda ukaoge, mtu wa maji anakuja baadaye." Nikasema hapana, aoge Mama. Nilikuwa sijaoga siku mbili, nimevaa suti yangu ya harusi, ile ya rangi ya maziwa mnayoijua, na joto la huku halina adabu. Nilikuwa nanuka, jamani. Mimi mwenyewe nilikuwa najikwepa. Na saa saba mchana wazee wa kina Kazungu walikuwa wanakuja kutupokea rasmi, mimi ndiye msemaji wa upande wetu. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakitia mfukoni, nikasema mbele ya safari hapakosi maji.

Mama mkwe naye alikuwa na shughuli moja tu mjini. Akina mama wa kanisani kwake walimpa chupa ya lita moja na nusu: "Tuletee maji ya bahari, tuonje kama kweli yana chumvi." Basi mtoto akaachwa kwa shangazi yake, sisi watatu tukatoka.

Edina anaishi hapa miaka minne. Anaijua njia. Lakini mama mkwe kasema mwanamume ndiye hutangulia. Kwa hiyo mimi, niliyefika jana, nikatangulia hatua thelathini kuongoza msafara, na mwenyeji yuko nyuma anapiga kelele: "Shemeji, kushoto! Kushoto kwingine!" Nilikuwa nimejitapa ndani ya basi kwamba miji ya maji naijua, nimesoma ualimu Mwanza, bahari ni Ziwa Viktoria lililotiwa chumvi. Sasa ningeulizaje njia?

Tukapita chini ya zile pembe kubwa za ndovu zilizopishana juu ya barabara. Mama mkwe akazishangaa, akasema hata Bihogo hana pembe hizo. Tukatembea. Jasho. Watu. Kila niliyemwona mzee nilimpa shikamoo yake, nikafika thelathini nikaacha, sauti ilikuwa inakauka. Mara tukapita tena chini ya pembe.

Edina akanifikia mbio. "Shemeji, Mama anauliza, pembe hizi ni zilezile?"

"Mwambie ni nyingine."

"Shemeji!"

"Mji mkubwa huu. Mwambie ni nyingine."

Edina akaamua tupande tuktuk. Hapo napo shida. Tuktuk ina kiti kimoja kirefu. Mimi na mama mkwe kiti kimoja? Labda nife kwanza! Tukachukua mbili. Dereva wangu akauliza, "Mwafukuzana?" Nikamwambia hapana, tunaheshimiana.

Tukashukia kwenye barabara ya kwenda ufukweni. Pale pana duka la khanga, huku wanaziita leso. Mama mkwe akaona zile rangi, akasimama. Edina akasema, "Mama, ingia nikuchagulie." Mnawajua wanawake na duka la khanga. Nikapiga hesabu: hapa nina saa moja, pengine na nusu. Nikasema, "Ninyi njooni taratibu. Mimi natangulia kukagua."

Kukagua! Hilo neno limeniponza.

Nikafika ufukweni. Bahari haipo. Nasema kweli, haipo! Mchanga mtupu, mawe, majani ya kijani yamelala, vidimbwi hapa na pale, na maji yenyewe yako kule mbali yanang'aa. Nikajisemea, kumbe hata bahari ina kiangazi. Hakuna mtu ila muuza madafu mmoja na mkokoteni wake.

Sasa nawaomba mkumbuke mimi nafundisha nini. Kupwa na kujaa kwa maji ya bahari nimefundisha miaka kumi na moja. Nachora mwezi ubaoni, nachora dunia, nachora mishale. Neema mwenyewe, binti yangu, nilimpa adhabu kwa kukosa swali hilo. Lakini ndugu zangu, kile kitu nilikijua cha ubaoni. Kuwa kinakuja hasa, kwa miguu yake, kumtafuta mtu, hicho hakimo kwenye kitabu.

Kichwani mwangu mlikuwa na Mto Ruvubu tu. Ruvubu unaufahamu. Wanaume huku, wanawake kule. Unavua zote, unakunja, unaweka juu ya jiwe, simu ndani ya kiatu, kiatu juu ya nguo zisipeperuke. Unaoga. Jiwe lile babu yako aliwekea nguo hapohapo. Maji ya mto hayana habari na nguo za mtu mpaka masika.

Nikaanza kutembea kuelekea kwenye mawe. Muuza madafu akaniita.

"Ndugu, wenda wapi na suti?"

"Natembea."

"Maji yaja hayo."

"Yanakuja wapi? Hayapo!"

"Mimi nakwambia tu. Yaja."

"Mzee," nikamwambia, na naomba Mungu anisamehe kwa sauti niliyotumia, "mimi ni mwalimu wa jiografia."

Akaniangalia. Akakata dafu lake.

Nikaenda mpaka kwenye jiwe kubwa mbali kabisa, nyuma yake pana dimbwi zuri, linakufika mapajani. Hakuna anayeniona. Nikavua suti. Nikavua shati, na kila kilichobaki. (Nasema kila.) Nikakunja kwa mpangilio wa Ruvubu: suruali, koti, shati, viatu juu, simu kiatu cha kushoto, soksi kiatu cha kulia. Nikaingia.

Sabuni ikagoma. Nasugua, haitoi povu, inaganda mwilini kama ugali uliolala. Nikaongeza. Nikajisugua kwa mchanga. Kipande chote kikaisha, mimi nimekuwa mtelezo mtupu. Lakini maji yalikuwa ya uvuguvugu, jua zuri, nami sijalala siku mbili. Nikaegemeza kichwa kwenye jiwe. Nikasema nifumbe macho kidogo, dakika tatu tu.

Nilichoamshwa nacho ni wimbi, mdomoni.

Nikakurupuka. Dimbwi halipo. Jiwe halipo! Kila mahali ni maji, nami nimo kifuani. Na suti yangu, walimu, suti yangu ya harusi, ilikuwa inakwenda. Koti limejaa upepo mgongoni, mikono imetanuka, linaelea taratibu kama mtu anayejua anakokwenda. Suruali inafuata. Viatu vimefuatana, cha kushoto mbele.

Mimi siwezi kuogelea. Mwanza nilisoma ualimu, sikusoma samaki. Nikapiga hatua mbili, maji yakaingia puani, nikarudi. Nikabaki nalitazama koti langu nalipungia mkono. Nililipungia, kweli. Sijui kwa nini.

Basi nikageuka nirudi nchi kavu. Na huko nchi kavu, jamani, nilikuta mji mzima umeshuka. Kumbe maji yakijaa ndipo watu huja! Wanakwaya na sare zao, wamama na watoto, wapiga picha, hata ngamia yupo, anatembezwa na mtu wake. Na mimi hapa nilivyozaliwa.

Nikachuchumaa, maji yakanifika shingoni. Nikasema nitakaa hapahapa mpaka watu waondoke. Lakini lile linalokuficha ndilo linalokusukuma. Maji yanapanda, nisiposogea yananimeza. Nikisogea, nawakaribia wanakwaya. Kila dakika chache natambaa hatua moja mbele kwa magoti, shingo nje. Nikaokota majani ya bahari, nikajifunika kichwani ili kama nitaaibika nisijulikane.

Nikafika karibu na muuza madafu. Nikamwita kwa sauti ya chini. "Mzee. Shikamoo, mzee."

Akanitazama, akayatazama majani kichwani. "Mwalimu?"

"Ndiyo mimi. Huna nguo yoyote hapo? Hata gunia?"

"Sina gunia. Nina vifuu vya nazi." Akainua kimoja, akakipima kwa macho. "Wataka kimoja ama viwili?"

Sikumjibu. Kuna maswali mtu hayajibu.

Na hapo ndipo nikaziona leso mpya zinashuka ufukweni. Mama mkwe na Edina, mfuko mkononi, chupa tupu mkononi. Nikazama mpaka puani. Mama mkwe akaangaza huku na huku, akamwendea muuza madafu.

"Shikamoo, baba. Hamkuona kijana wa suti?"

"Marahaba, mama. Wa suti ya rangi ya maziwa?"

"Huyohuyo."

Yule mzee, badala ya kuanza na mimi, akaanza na suti! Akanyoosha kidole baharini. "Suti ile kule. Imekwenda kitambo."

Mama mkwe akatazama. Kule mbali koti langu lilikuwa limelala kifudifudi juu ya maji, mikono imetanuka.

Chupa ikamponyoka. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe mpaka ngamia akakaa chini.

"Yebaba weee! Mkwe wanguuu! Maji yamemla Baba Neema! Nitamwambia nini mwanangu na tumbo lile? Neema nitamwambia nini?"

Wanakwaya wakaacha kuimba. Edina akaanza naye kulia. Mzee wa madafu anajaribu kusema, "Mama, mama, mwenyewe yupo," nani anamsikia? Mama mkwe yuko matangani. Kajifunga kitenge kiunoni, anakwenda huku anarudi huku, analia kwa mpangilio wa kwetu, na kwetu maiti husifiwa.

"Mtu mpole! Mtu wa haya! Leo asubuhi kaniachia maji yote ya kuoga, yeye akatoka na jasho lake, akadhani sikuona! Niliona, baba! Niliona!"

Kumbe aliona.

"Tito na mashine yake hajanisindikiza hata kisimani! Huyu kanivusha nchi! Kanipitisha chini ya pembe za ndovu mara mbili nisichoke kuzitazama!"

(Hapo nikajua kwamba kumbe alijua ni zilezile.)

"Ndama wa Bihogo alikuwa wake! Nilikwishaamua tangu njiani! Yule ndama nilimpa huyu, nikasema nimwambie tukifika nyumbani! Sasa nampa nani, yebaba wee!"

Walimu, niwaambie ukweli wangu mbele ya Mungu. Nilipaswa kusimama palepale. Sikusimama. Nilijisemea: Deo, tulia kidogo. Huenda akamtaja na Bihogo mwenyewe. Ni mara ngapi mtu hupata kuusikia msiba wake? Nikabaki na majani yangu kichwani, nalia na kutabasamu kwa pamoja, chumvi juu ya chumvi.

Mpaka nikamwona anavua ndala.

Anavua ndala, anakaza kitenge, anaingia baharini. Mama wa miaka sitini na kitu, maji mengi aliyowahi kuyaingia ni ya bwawa la ng'ombe. Anaifuata ile suti! "Mniachie nimtoe! Nimemleta mimi, nitamrudisha mimi! Sitamwacha ugenini!" Edina kamshika, kamponyoka. Wimbi la kwanza likamfika magotini, la pili kiunoni, akayumba.

Hapo sikufikiri tena ndama, wala suti, wala adabu. Nikasimama wima.

"Mama! Usiingie! Niko hai! Niko hapa!"

Na bahari, kwa ubaya wake, ilichagua sekunde hiyohiyo kurudi nyuma. Wimbi lote lililokuwa linanisitiri likajivuta likaondoka. Nikabaki nimesimama mbele ya mama mkwe wangu, hatua sita, jua la saa sita mchana, mikono miwili juu nikimpungia. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu.

Kichwani nina majani. Kwingine sina kitu.

Kwa miaka kumi na miwili mama yule hajanitazama usoni. Leo akanitazama. Nilihesabu, zilikuwa sekunde tatu kamili.

Halafu nikamsikia mzee wa madafu: "Nilimuuliza kimoja ama viwili, hakunijibu."

"Yesu wangu!" Mama mkwe akageuka, akajifunika uso. Mimi nikajitupa majini kwa tumbo. Edina alikuwa amelala mchangani. Mwanzo nilidhani kazimia, kumbe anacheka. Shemeji yule hana huruma.

Lakini mama mkwe ni mtu wa kazi. Hakukimbia. Kwa mgongo wake ulionigeukia akasema, "Edina, toa leso mpya." Edina hawezi kusimama. Mama akaichukua mwenyewe mfukoni, akaikunjua, akaishika nyuma ya mgongo kwa mikono miwili, akaanza kuingia baharini kinyumenyume.

"Nikifika uniambie!"

"Bado, Mama."

"Usinitazame!"

"Mama, mimi nikitazama kwingine utanipita!"

Wimbi linampiga, anayumba kulia. "Kushoto kidogo, Mama," nikasema. Wale watu wakaona ninavyohangaika, wakaamua kunisaidia. Wakaanza kama wanavyoelekeza lori kwenye ghala la mahindi. "Rudi, mama, rudi, rudi! Kata kushoto! Rudi! Hapoo!" Kwaya wameipokea kwa sauti nne. Mtu wa ngamia anapiga makofi. Nikanyoosha mkono, nikaikamata leso, ufukwe mzima ukashangilia.

Nikajifunga. Nikatoka majini kwa heshima zote. Nilishangaa kwa nini kila ninayempita anazidi kucheka, mpaka Edina aliponisomea maandishi yaliyonikaa nyuma, pale penyewe: YA NDANI YABAKI NDANI.

Mama mkwe akaokota chupa yake, akaijaza palepale nilipokuwa nimechuchumaa, akaifunga vizuri. Tukachukua tuktuk mbili. Dereva wangu alikuwa yuleyule. Akaniangalia, akaiangalia leso. "Bado mwaheshimiana?" Nikamwambia endesha.

Nguo za Kazungu hazinitoshi. Yeye ni mwembamba, tena mfupi. Wazee wa kwao walipofika saa saba, msemaji wa ukoo wetu alisimama kuwasalimu kwa suruali iliyoishia chini ya magoti na fulana ya mpira inayonibana mpaka sauti. Nikazungumza vizuri, nawaapia. Walisikiliza. Kisha mzee mmoja, baba mkubwa wa Kazungu, akauliza kwa upole, "Na wewe mwanangu, kazi yako ni ipi?"

"Mwalimu, baba."

"Wafundisha somo gani?"

Edina akakimbilia jikoni.

Chakula kikaletwa, pilau na sambusa. Mimi nikakaa upande huu, mama mkwe upande ule, kila mtu na ukuta wake. Nikaona anamnong'oneza Edina. Edina akasimama. "Mama anasema ana neno kwa Baba Neema, mbele ya wazee."

Nikaivuta ile fulana ishuke.

"Anasema, neno alilolisema akilia halirudishi. Aliyeliliwa halafu akawa hai ni mtoto aliyezaliwa mara ya pili. Ndama wa Bihogo ni wako."

Wazee wakapiga makofi! Walimu, nilimwona ndama wangu. Nilimwona anaingia zizini kwangu Mbuba, nikamwona Tito anasimamisha mashine yake apate kulia vizuri. Nikachukua sambusa ya kwanza ya furaha.

Mama mkwe akamvuta Edina tena. Edina akasikiliza, akauma mdomo.

"Anasema pia, kwetu mkwe akimvulia nguo mama mkwe, hutoa ng'ombe wa kumfuta macho."

Wazee wakaitikia kwa vichwa.

"Na anasema hataki usumbuke kutafuta. Atampokea yuleyule ndama."

Wazee wakapiga makofi zaidi ya mwanzo. Sambusa ilikuwa bado mkononi, haijafika mdomoni.

Kwa hiyo ndama yuko Murukulazo, wala hajainua kwato, na kwa leo ameshakuwa wangu na ameshaacha kuwa wangu. Edina ananiambia nisikate tamaa, Mama kasema Bihogo bado anazaa, ila safari ijayo nije nimevaa.

Simu inadaiwa na mwenyewe, naishia hapa. Kucheka najua mtacheka, siwezi kuwashika mbavu nikiwa nchi nyingine. Naomba jambo moja tu. Jumapili ijayo akina mama wa Murukulazo watapitishiwa ile chupa, kila mmoja aonje kifuniko kimoja. Wakija kuwauliza kwa nini maji ya bahari yana ladha ya sabuni ya mche, waambieni mmethibitisha kwa mwalimu wa jiografia: ndivyo yalivyo.